Pampu inazima kila baada ya robo saa, pawatila imejaa viota: nianzie wapi kabla ya mvua?

Mkulima_Bondeni

Wakuu, habari za leo. Nipo Bonde la Kilombero. Mashine za kikundi zimelala bandani tangu mwisho wa Julai, na mvua zinakaribia. Hali ni hii.

Pampu ya petroli inchi 3, injini ya Honda GX160. Inawaka kwa mvuto wa tatu au wa nne na inavuta maji vizuri, ila baada ya dakika 10 hadi 15 inazima kama imeishiwa mafuta, na tenki bado lina nusu. Ikipumzika inawaka tena. Ukifungua mfuniko wa tenki muda huohuo unasikia hewa ikiingia kwa kishindo kidogo. Pia kuna harufu kama manyoya yanaungua.

Pawatila (trekta dogo la kulimia la kuongozwa kwa mikono) ya dizeli, silinda moja, ya kuzungusha kwa hendeli. Hii hatujaiwasha. Ndani ya kava ya mikanda kuna nyasi kavu za mpunga na vipande vya viroba, na panya wameonekana wakitoka. Mdomo wa bomba la moshi umezibwa na udongo mgumu.

Nifungue nini kwanza? Na nifanye nini wasirudi? Wengi wananishauri sumu ya panya na vidonge vya naftalini.

---

Fundi_InjiniNdogo

Mkuu, hiyo pampu msiivute tena mpaka ifunguliwe. Ina matatizo mawili kwa pamoja, na la pili ndilo linaloua injini.

La kwanza ni tundu la hewa la mfuniko wa tenki. Petroli inashuka kwenye kabureta kwa uzito wake tu, na kadiri inavyoshuka lazima hewa iingie juu kujaza nafasi. Nyigu wa udongo wanapenda sana vitundu vya ukubwa huo: jike anaweka humo buibui aliowapooza, anataga yai, anaziba kwa tope. Hewa ikikosa njia, tenki linajinyonga kutoka ndani, mafuta yanagoma kushuka, injini inazima. Ukiipumzisha, hewa inapenya kidogokidogo kwenye raba ya mfuniko na ndiyo maana inawaka tena. Ule mlio uliousikia ndio ushahidi. Vua mfuniko, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, sukuma tope kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, pulizia, ukaushe kabisa. Usitoboe tundu kubwa zaidi kwa kuchimba: vumbi na mvua vitaingia, na petroli itaruka pampu ikitikisika.

La pili ni ile harufu. Manyoya yanayoungua maana yake kuna kiota chini ya kava ya feni. GX160 inapozwa kwa hewa tu. Feni iko kwenye flaiwili, nyuma ya kamba ya kuwashia, na hewa yake inapita kati ya mapezi ya silinda, zile kingo za chuma za kupozea. Panya akijaza nyasi hapo, injini itawaka vizuri na sauti itakuwa ileile, lakini silinda inachemka. Oili inakuwa nyepesi kama maji, gasketi ya hedi inaungua, na mwisho pistoni inang'ang'ania. Hakuna taa itakayokuonya.

Toa kofia ya plagi kwanza ili isije kuwaka mkononi. Kwa spana namba 10 fungua kava ya kamba ya kuwashia, kisha kava kubwa ya feni. Kabla hujaingiza mkono, gonga kava kwa mpini wa bisibisi, usubiri kidogo, umulike kwa tochi. Panapokaa panya nyoka hufuata. Kiota kitoe kwa kijiti na brashi, usitumie bisibisi kuchokonoa kati ya mapezi. Angalia hasa upande wa ndani, ule unaotazamana na tenki, kwa sababu ndio usioonekana na ndio wanaoupenda. Jihadhari na springi nyembamba na waya wa gavana (kidhibiti mwendo wa injini) pale juu karibu na kabureta. Ukiupinda, injini itapiga mbio bila mpangilio.

Ukiwa umefungua, kagua waya wa plagi, bomba la petroli, na ule waya wa swichi ya kuzimia. Huo wa swichi wengi wanausahau. Ngozi yake ikitafunwa na shaba ikagusa bodi, cheche inapotea kabisa, na mtu ananunua koili mpya bure.

Halafu kichujio cha hewa. Karatasi iliyotafunwa hata tundu la ukubwa wa punje ya mchele ibadilishwe, usiizibe kwa gundi. Vumbi linalopita hapo linakula ringi na silinda kwa msimu mmoja. Sponji ioshwe kwa sabuni, ikauke, ipakwe oili kidogo, ikamuliwe.

Petroli iliyokaa tangu Julai imwageni yote, pamoja na ile ya kwenye bakuli la kabureta kupitia skrubu ya chini. Plagi isafishwe, mwanya wake uwe milimita 0.7 hadi 0.8. Oili mpya ni lita 0.6 hivi, ukiwa umeilaza sawa.

Kujua kama bomba la moshi liko wazi, zima swichi, funga plagi mahali pake, injini ikiwa baridi mtu aweke kiganja karibu na mdomo wa bomba wakati wewe unavuta kamba taratibu. Kila pigo lazima lisikike mkononi. Kama pumzi ni hafifu, vua silensa.

Mwisho kabisa, midomo ya pampu yenyewe. Ilikaa wazi? Basi fungua kava ya pampu uangalie kwenye impela, lile gurudumu linalosukuma maji. Donge moja la tope la nyigu likikauka humo linasaga mekaniko sili (kizuizi cha maji kwenye shafti), na maji yataanza kuchuruzika upande wa injini. Hozi ya kuvutia itazameni mkiielekeza kwenye jua. Tundu la jino la panya halionekani hozi ikiwa imelala, lakini linaingiza hewa na pampu haitanyanyua maji hata ukiijaza mara kumi. Na msiijaribu ikiwa kavu. Jaza maji kwanza, iende dakika 2 au 3, izime, nusa.

---

Fundi_Dizeli

Nakubaliana na mwenzangu. Naongeza la pawatila.

Huo udongo mdomoni usisukumwe ndani kwa chuma. Ukiusukuma unaingia kwenye silensa, na kipande kikirudi nyuma kinaweza kukaa kwenye valvu ya kutolea moshi. Valvu isiyofunga ina maana hakuna kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), na hapo utafungua hedi kwa kosa la dakika moja. Vua silensa, igeuze mdomo chini, uvunje tope kidogokidogo, uigonge mpaka kisitoke kitu. Mulika pia tundu la injini ulipoitoa.

Kava ya mikanda itolewe yote. Kiota kilichoshikana na mkanda kikizunguka kinajikunja kwenye puli na kuurusha mkanda nje. Mkanda uliotafunwa pembeni hauponi, na kama mmoja wa seti umeharibika badilisheni yote kwa pamoja, kwa sababu mpya na wa zamani havivuti sawa: mpya unabeba kazi yote, wa zamani unateleza na kuungua. Ukikaza, bonyeza katikati kwa kidole gumba. Ushuke kiasi cha sentimita 2 hadi 3.

Kichujio cha hewa cha hizi injini mara nyingi ni cha bakuli la oili. Fungua bakuli, mwaga oili yote hata kama inaonekana safi, maana wadudu na panya wachanga huzama humo. Osha kwa dizeli, jaza hadi alama, usizidishe. Ikizidi injini itainyonya na kupiga mbio hata ukiikata mafuta.

Kuna matundu mengine mawili yanayosahaulika: pumulio la injini na pumulio la giaboksi. Pumulio la injini likizibwa na tope, presha ya ndani inakosa njia na kusukuma oili itoke kwenye oili sili. Watu wanabadilisha sili mbili tatu, oili inaendelea kuvuja, kumbe tatizo ni tundu dogo.

Vikishafunguka vyote, weka wenzo wa mafuta kwenye kuzima, nyanyua wenzo wa kuachia kompresheni, zungusha hendeli mizunguko 20 taratibu. Mkono utakuambia. Kukiwa na mkwaruzo au kugoma mahali pamoja, acha na utafute. Kama injini ina kile kidude chekundu cha oili, kinapaswa kupanda. Ndipo uwashe. Weka ndoo ya mchanga karibu, kwa sababu nyasi moja iliyobaki chini ya bomba la moshi inatosha kuwasha moto bandani.

Kuhusu nyigu, wasidharauliwe. Tarehe 6 Februari 1996 Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini baada ya kuruka Puerto Plata, watu 189 wakafa. Kibomba cha kupimia kasi kilikuwa kimeziba, na wachunguzi waliona chanzo kinachoelekea zaidi ni nyigu wa udongo, maana ndege ilikaa chini wiki kadhaa bila kuruka, na kibomba kiliachwa bila kifuniko.

---

Afisa_AfyaKata

Samahani naingilia, ila kabla hamjashika brashi tafadhali someni hapa.

Kiota cha panya kisifagiliwe kikavu wala kupulizwa kwa kompresa. Mkojo wa panya hubeba vimelea vya homa ya mgunda (leptospirosis), ile iliyotangazwa Lindi, wilayani Ruangwa, Julai 2022 na ikaua watu 3. Vimelea vinaingia kwenye mchubuko wa ngozi, machoni, mdomoni. Mikono ya fundi haikosi mikwaruzo.

Vaa glavu za mpira, barakoa, na kitu cha kuziba macho. Changanya Jik kipimo 1 kwa maji vipimo 9, nyunyizia kiota mpaka kilowe, subiri dakika 10, ndipo ukitoe na kukitia kwenye mfuko, ukifukie au ukichome mbali na mashine. Hapo hapo niwatahadharishe mafundi: dawa hiyo inakula alumini na viunganishi vya umeme, kwa hiyo sehemu za chuma zifutwe mara kwa kitambaa cha maji safi kisha zikaushwe. Petroli iwe imeshaondolewa. Usichanganye Jik na dawa nyingine yoyote ya kusafishia.

Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Viroboto wake hutafuta mwili mwingine. Kuanzia siku 2 hadi wiki 4 baadaye ukipata homa, misuli ya vigimbi vya miguu ikauma sana, macho yakawa mekundu au ya njano, nenda kituo cha afya na useme wazi kwamba ulisafisha viota vya panya. Bila hilo utatibiwa malaria tu na muda utapotea.

---

Mkulima_Bondeni

Asanteni sana, wakuu. Tumefungua kama mlivyoelekeza. Mfuniko ulikuwa umezibwa kabisa. Chini ya kava ya feni kulikuwa na kiota kilichojaza upande wote wa tenki, na waya wa swichi umetafunwa ila bado haujagusa bodi. Karatasi ya kichujio ina matundu, nimeagiza nyingine. Hiyo sumu na naftalini vipi? Na kuna mwenzetu ana kombaini (mashine ya kuvunia) hapa jirani, nyuki wameingia kwenye tenki la mpunga. Wanataka kuwamwagia petroli.

---

Mfuga_Nyuki

Wasimwage petroli, na hiyo kombaini isiwashwe kabisa. Nyuki wetu wanachokozwa sana na mtikisiko na moshi wa injini. Mmoja akiuma anaacha harufu inayowaita wenzake, ina mnuko kama ndizi mbivu. Ondoeni watoto, na mbuzi, punda au ng'ombe waliofungwa kamba karibu, kwa sababu mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia na ndiye anayekufa.

Kwanza jueni kama ni kundi linalopumzika au wamehamia. Wanaopumzika wananing'inia kama mkungu, hawana masega, na aghalabu huondoka wenyewe ndani ya siku 1 hadi 3. Waacheni. Ukiona nyuki wanaingia na chavua miguuni, hao wana masega na watoto, hawaondoki.

Hapo aitwe mfugaji wa nyuki mwenye kifaa cha kufukizia moshi na mavazi kamili. Kazi ianze jua likizama, kwa tochi yenye mwanga mwekundu kwa kuwa nyuki hawauoni. Masega yenye watoto hukatwa na kufungwa kwenye viunzi vya juu vya mzinga, malkia akiingia mzingani wengine wanamfuata. Mzinga uachwe palepale penye mlango wao wa zamani siku 2 au 3, kisha uhamishwe usiku. Msiusogeze mita 50 pembeni: nyuki wa nje watarudi kwenye kombaini. Uende kilomita 3 au zaidi.

Baada ya hapo ndipo wengi wanapokosea. Nta na asali iliyobaki ndani ya tenki inaita sisimizi, panya, na kundi jipya la nyuki msimu unaofuata. Kwangueni, mwoshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu iishe. Tundu walilopitia lizibwe kwa wavu wa milimita 3.

Ukiona kwenye tundu dogo kabisa kuna kijibomba cha nta laini kimechomoza, hao ni nyuki wadogo wasiouma. Hawana hatari kwa mtu, lakini utomvu wao ukiziba pumulio utafanya kama tope la nyigu.

Wakishambulia: kimbia moja kwa moja ukaingie nyumba inayofungwa, funika uso, usijitose majini. Miiba ikwanguliwe haraka. Anayevimba midomo au kukosa pumzi apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

---

Mtunza_Karakana

Nijibu la kuwazuia, maana kusafisha kila Novemba ni kazi isiyo na mwisho.

Sumu: panya akishakula anakwenda kufia ndani ya kava, ananuka na kuvutia nzi, na mzoga wake ukiliwa na paka au bundi unawaua hao waliokuwa wanakusaidia. Naftalini: kwenye banda lenye hewa harufu inapeperuka kwa siku chache, na kwenye nafasi iliyofungwa mvuke wake unamdhuru mtu. Matambara yenye dizeli ni moto unaosubiri cheche. Mimi nasema mitego ya kubana, 4 hadi 6 kwa banda la ukubwa wa kawaida, iwekwe kugusa ukuta kwa sababu panya hutembea wakiambaa ukuta, chambo karanga iliyosagwa na dagaa. Ikaguliwe kila asubuhi.

Lakini mtego unapunguza tu. Panya shamba mmoja huzaa wastani wa watoto 11 kwa mara moja, na mpunga ukishavunwa wote wanahamia kwenye paa na chakula. Chakula ndicho cha kuondoa. Kombaini yenye punje kwenye skurubu za chini (zile parafujo ndefu zinazosukuma nafaka) ni ghala. Iendeshwe tupu dakika chache, kisha izimwe, ufunguo uondolewe, vifuniko vya kusafishia vya chini vifunguliwe na viachwe wazi msimu mzima. Msihifadhi magunia banda moja na mashine. Nyasi zifyekwe mita 1 kuzunguka, na matairi yakae juu ya matofali au kokoto, mchwa wasipande.

Turubai lililoburuzika chini ni nyumba mliyowajengea wenyewe: giza, joto, hakuna upepo. Liishie sentimita 30 juu ya ardhi. Trekta iachwe boneti juu. Mwanga unawakera.

Matundu sasa. Bomba la moshi: kopo la bati. Midomo ya pampu: vifuniko vyake, au chupa ya plastiki iliyokatwa na kubanwa kwa klipu. Mfuniko wa tenki na mapumulio msizibe kwa nailoni wala gundi, vinatakiwa kupumua. Funga kipande cha chandarua kikuukuu mikunjo miwili kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nyigu hapiti. Matundu makubwa ya kava yapigwe wavu wa chuma wa robo inchi. Wavu wa kuku haufai, panya mchanga anapita. Pamba ya chuma nayo haifai kwenye njia ya hewa, inashika kutu na injini huivuta.

Kila ulichoziba kifunge kitambaa chekundu, na kwenye hendeli au usukani tundika kibao chenye idadi: "vizibo 5". Siku ya kuwasha, hesabu vitambaa mkononi. Vikiwa 4, usiwashe.

Betri itolewe, ukianza na waya wa hasi, maana panya akitafuna waya wenye umeme hauungui waya peke yake. Hozi zitundikwe kwenye waya mwembamba, zisiguse ukuta.

Na mashine zisilale miezi minne mfululizo. Kila wiki 2 vua vizibo, kagua, washa dakika 15 hadi 20 mpaka ipate moto kweli, uzime, irudi baridi, uzibe tena. Nyigu anaziba kitundu kwa siku moja tu.

---

Fundi_InjiniNdogo

Mkuu Mkulima, huo waya wa swichi uliotafunwa usiuache kwa kuwa bado haujagusa. Mtikisiko utaugusisha ukiwa katikati ya shamba. Kata sehemu mbovu, unganisha, vika mpira wa kuzuia umeme, uupitishe mbali na mapezi. Ukishabadilisha karatasi ya kichujio, endesha na maji nusu saa, zima, toa dipstiki. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua baada ya muda mfupi hivyo, joto lile la mwanzo limeacha jeraha. Pima kompresheni kabla hujaipeleka mtoni.